Kondoo Waliposhuka Wenyewe

Kondoo walishuka wenyewe. Hakuna aliyewaita, hakuna aliyewaonyesha chumvi ya kuwavutia. Burga alipofungua mlango wa kibanda asubuhi ile aliwakuta wamejaa chini ya mwamba, mbavu kwa mbavu, vichwa vyote vimeelekea bondeni, na hata mmoja hakuwa akila. Majira yote ya joto alikuwa akiwafukuzia kwenye majabali kama mwendawazimu, akiita mpaka sauti inakauka. Leo wamekuja bila kuitwa, tena kimya. Kengele zao hazikulia.

Na joto lile halikuwa la kawaida. Mwezi wa tisa ulikuwa ukingoni, lakini upepo wa kusini ulivuma vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe, na milima ya mbali ilikuwa imesogea karibu mpaka ungedhani utaigusa kwa fimbo. Burga alivua sweta. Mbwa wake, Resl, aliingia chini ya meza akakataa kutoka.

Kaka yake, Serafin, alifika na wanaume saba wakati Burga anakunywa kahawa. Walikuwa wametoka nyumbani, ng'ambo ya mlima, kuja kuwarudisha kondoo kama kila mwaka wa Mungu. Kwani kondoo wa kijiji chao walikuwa wakivushwa Pengo, ile njia ya juu kati ya vilele, kila mwanzo wa joto kuja kula upande huu, na kurudishwa kabla ya baridi. Serafin ndiye aliyeongoza msafara, kama baba yao alivyoongoza.

"Umeona mambo hayo?" Serafin alicheka, akabwaga mkoba wake. "Wamejipanga wenyewe! Hata kondoo wamechoka kuishi na wewe, dada yangu."

"Wanaikimbia theluji, Serafin."

"Theluji ipi? Mimi natokwa jasho mpaka matakoni."

"Ndiyo hiyo. Redio imesemaje?"

Serafin alisita kidogo. "Imesema jioni."

"Jioni ya bondeni au ya Pengo?"

"Haya, wana wa mzee Gurschler wameshaanza," alisema Alban, jirani yao, mtu wa miguu mirefu aliyekuwa tayari ameshakata kipande cha nyama ya moshi ya Burga bila kukaribishwa. "Ni mwaka gani mtapatana ninyi?"

Burga hakucheka. "Tuwashushe kwenye malisho ya chini, tungoje ipite."

"Wakingoja wale nini? Nyasi za chini umeshazimaliza. Na Pengo likizibwa leo, halizibuki mpaka mwakani. Nyumbani kuna ghala limejaa nyasi kavu. Hapa kuna nini? Mawe, wewe, na supu yako isiyo na chumvi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na Burga aliyajua kuwa ya kweli. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Angekuwa anasema upuuzi angemkatalia.

"Sijasema hapana," alisema mwishowe. "Nimesema naogopa."

"Basi ogopa huku unatembea."

Wakaondoka. Serafin alitangulia, akimshika ukanda jike mzee mwenye kengele kubwa, na kundi likamfuata kwa mstari mrefu kama uzi unaovutwa kutoka kwenye bonge. Burga na Alban walikaa nyuma kabisa, na Resl ambaye alilazimika kuburutwa mlangoni. Kadiri walivyopanda, joto lilizidi. Alban alifunga shati kiunoni akaanza kusimulia jinsi wake zao walivyokuwa wanapika matonge ya mkate tangu jana kwa ajili ya karamu ya kuwapokea, na jinsi mama mkwe wake alivyomkataza asionje.

Kisha upepo ukakata. Haukupungua, ulikata, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Burga aligeuka. Nyuma yao, kaskazini, mbingu ilikuwa imesimama wima. Ulikuwa ukuta wa rangi ya ini, kutoka ardhini mpaka juu pasipoonekana, na chini yake milima aliyoihesabu asubuhi haikuwapo tena. Ulikuwa unameza mmoja baada ya mwingine bila haraka.

"Alban," alisema.

Alban alitazama, na hadithi ya mama mkwe ikaishia hapo. Alifanya ishara ya msalaba. "Jioni yao imewahi," alinong'ona.

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti. Fimbo ya Burga yenye ncha ya chuma ilianza kuvuma mkononi mwake, mvumo mwembamba kama wa nyuki waliofungiwa chupani, na nywele zikamsimama chini ya kilemba. "Tupa fimbo!" alipiga kelele. "Lala chini!" Radi ikapasua jabali pale juu, mwanga na mshindo kwa pamoja, na kabla masikio hayajazibuka baridi ikawafikia. Ilikuja kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Mvua ya mawe kwanza, halafu theluji, haianguki bali inakwenda kwa ubavu, inaingia puani na machoni. Radi zikaendelea kunguruma ndani yake, na kila zilipowaka kila kitu kikawa cheupe, hakuna juu wala chini.

Kondoo wa nyuma wakasimama. Burga aliwapigia makelele, aliwasukuma kwa magoti, alimtuma Resl. Wakazidi kusongamana katika bonde dogo chini ya Pengo, wakiingiza vichwa chini ya matumbo ya wenzao. Njia iliyokanyagwa na wa mbele ilishafukiwa. Theluji iliwafika vifundoni, halafu magotini, na wale wa chini katika rundo walianza kukoroma.

"Serafin!" aliita kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Serafin! Hawaendi!"

Sauti haikufika hata kwa Alban aliyekuwa hatua chache tu. Burga alimvuta kwa kola akamwekea mdomo sikioni. "Nawageuza!"

"Ukigeuza unamwacha!"

"Nisipogeuza nawazika hapa hapa, na sisi juu yao!"

"Nani atamwambia?"

Kati yao na Pengo hapakuwa na kitu isipokuwa weupe unaokimbia. Mtu wa kwenda huko asingerudi. Alban alitazama juu, akatazama kondoo, kisha akamkamata dume mmoja kwa pembe na kuanza kumburuta kuelekea chini.

Iliwachukua saa nyingi. Waliposhuka chini ya majabali theluji iligeuka mvua, na mvua ile haikuwa na matone, ilikuwa maji yaliyomwagwa. Vijito walivyovuka asubuhi bila kulowa sasa vilikuwa vya rangi ya udongo, na ndani yake mawe yaligongana kwa mlio uliosikika miguuni kabla ya masikioni. Kidaraja cha mbao kilikuwa kimeondoka. Walipitisha kondoo juu zaidi, mmoja mmoja, Alban amesimama katikati ya maji yanayomfika mapajani. Kadhaa walichukuliwa. Kibandani Burga alijaribu simu. Ilikuwa imekufa.

"Wameshavuka," Alban alisema, akitetemeka mbele ya jiko. "Upande wa kusini ni afadhali. Saa hizi Serafin anakula matonge yangu."

"Ndiyo," alisema Burga.

Habari waliletewa na helikopta kesho yake, mawingu yalipoachana. Wanaume sita walikuwa wamefika nyumbani na kondoo wa mbele, si wote lakini wengi. Serafin hakuwa nao. Walipofika Pengoni aliwaambia watangulie, yeye atangoja walio nyuma. Walimbishia. Aliwafukuza kwa matusi. "Dada yangu yuko huko chini," alisema. "Siwezi kushuka kabla hajapita."

Waokoaji walimkuta amekaa chini ya jiwe, amezungukwa na kondoo waliokuwa wamemfuata wakakataa kuondoka. Wale wa nje walikuwa wamekufa wamesimama. Wa ndani walikuwa hai, na yeye alikuwa hai.

Burga alifika hospitali siku ya nne, baada ya kondoo wake kupakiwa kwenye malori na kuzungushwa njia ndefu. Karamu haikufanyika. Madaktari walikuwa wamekata vidole vya mguu wa kushoto vyote, na mikono ya Serafin ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwiko, mikubwa na myeupe, kama si yake. Hakumtazama dada yake alipoketi.

"Nilikungoja," alisema.

"Nilikuita."

"Sikusikia."

"Najua."

Muuguzi alipita ukumbini na kigari chake.

"Umepoteza wangapi?" Serafin aliuliza.

"Wachache. Kijitoni."

"Mimi nusu ya walionizunguka. Ungekuja nyuma yangu ungepoteza wote."

"Labda."

"Si labda. Nilikuwapo pale, Burga. Nilikaa nikakutukana usiku kucha, matusi yote ya baba na mengine ya kwangu. Halafu kulipokucha nikaanza kuomba uwe umegeuza. Na bado nimekasirika. Sijui nitakasirika mpaka lini. Usinisemeshe juu ya jambo hilo kwa sasa."

"Sitakusemesha."

Muuguzi aliingia, akaweka bakuli la supu juu ya meza ndogo, akatazama ile mikono, akamtazama Burga, akatoka. Mvuke ulipanda kati yao. Serafin aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka mvuke ukapungua.

Burga alichota kijiko, akakipuliza, akangoja.

"Ina chumvi?" Serafin aliuliza ukuta.

Burga alionja. "Haina."

"Walijua wewe unakuja," alisema, akageuka na kufungua kinywa.