Pamba Nyeusi

Pamba ilitoka nyeusi tena. Micheline aliitazama kwa hasira. Kamera hii ya kaseti, anayopigia video za harusi hapa Kolwezi, aliisafisha kichwa cha kusomea kaseti kwa alkoli juzi tu, na tayari picha zilikuwa na michirizi. Vumbi la barabarani ni jekundu. Weusi huu ulikuwa wa mawe ya kobalti, na mwenye mikono ya kobalti nyumbani alikuwa mmoja tu: Gael, mchimbaji aliyepanga chumba cha nyuma.

“Mama, mi sikugusa hiyo kamera,” Gael aliapa, macho chini.

“Batoto ba siku hizi!” alisema Kabemba, mume wa Micheline. “Weye funga tu bitu byako.” Jumapili asubuhi akaaga kwamba anakwenda mji wa Fungurume.

Micheline akatega mtego. Aliiweka kamera juu ya kabati, ikaelekea mlango wa Gael, akaifunika kitambaa na kuacha lenzi tu. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaenda zake misa.

Aliporudi alirudisha kaseti nyuma, akatazama. Hakuna aliyeisogelea kamera. Lakini picha ilitetemeka, na vumbi jeusi lilifuka chini ya mlango ule uliofungwa. Akaongeza sauti. Ngo, ngo, ngo: sururu, chini ya sakafu ya nyumba aliyoachiwa na baba yake.

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka shimoni, na aliijua kuliko zote: ndiyo iliyomuaga asubuhi ile.

“Piga polepole, Gael. Micheline akijua, tutagawana naye.”