Zamu ya Shangazi

Mkeka ulitandikwa chini ya mgunga, karibu na maegesho ya magari. Juu yake palikuwa na chupa za chai, sufuria ya wali iliyofungwa kitambaa, viatu vya watoto, mkoba wa Bibi na masweta ya kila mtu, ingawa jua lilikuwa kali. Katikati ya vitu hivyo aliketi Shangazi. Hakuna aliyemwambia aketi. Waliposhuka garini kila mmoja alishika njia yake, na mwili wa Shangazi ukajua wenyewe pa kwenda.

Mdogo wake wa kiume, baba wa watoto, alimbandika jina la Nanga, kwa kuwa ukimtua mahali humkuti pengine. Alimwita hivyo kwa mapenzi kabisa.

Lakini safari hii ilikuwa yake. Ni yeye aliyesoma, katika maktaba ya shule anakofanya kazi, kwamba ziwa la hifadhi hii hujaa heroe, ndege wa rangi ya waridi, na kwamba ili uwaone huna budi kupanda mnara wa mbao, maana chini matete yamezuia kila kitu. Mwezi mzima aliwabembeleza wenzake. Langoni, mlinzi wa hifadhi mwenye buti za mpira aliwaambia wamebahatika. Maji yamepungua, kwa hiyo heroe wanahama leo hii, kabla jua halijazama. Tena akawaonya kwamba mnara hubeba watu watano. Wao walikuwa sita.

"Tukishuka sisi, unapanda wewe, dada," alisema mdogo wake. "Zamu yako hailiwi na mtu."

Walipanda, wakashuka. Watoto wakataka kuwaona bata. Bibi akataka choo. Wifi yake akaona kibanda cha kofia. Kila aliyepita kwenye mkeka aliacha alichochoka kubeba, akachukua alichohitaji, akamwambia Shangazi kwamba huko juu ni kuzuri mno, asikose.

Ndipo alipokuja mnana dume, ndege mfuma viota, wa manjano kama kiini cha yai, na ukanda wa jani bichi mdomoni. Alitua juu ya sikio la kulia la Shangazi, akaufunga ukanda ule kwenye msuko wa nywele, akaruka kwenda kuleta mwingine.

Shangazi hakutikisika. Kwanza ilikuwa adabu tu. Baadaye akaona ni raha. Yeye ndiye aliyesuka vichwa vyote vya nyumbani, cha Bibi, cha wifi, cha mtoto wa kike kila Jumapili, na hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alikaa nyuma yake akamshughulikia hivi, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Macho yakamlegea. Upepo ulitoka ziwani na harufu ya tope na maji vuguvugu. Alipozinduka kiota kilikuwa kimefika begani, mviringo, mlango wake ukitazama chini. Jike alikuja kukikagua. Alivuta hapa, akang'ata pale, akaingia, hakutoka.

Familia iliporudi kula, Bibi alikipapasa kiota kama mtu anayepima kitambaa dukani. Alisema kazi ni safi, akauliza kama kinawasha.

"Wifi, wenzako tunasubiri kujengewa mwaka wa kumi huu, bado tuko kwenye msingi," alisema mke wa mdogo wake. "Wewe umejengewa asubuhi moja."

Mumewe aliutazama wali wake. Bibi alicheka mpaka akapaliwa, na Shangazi akampa maji bila kugeuza shingo.

Walipomaliza kula, Shangazi aliweka sahani chini.

"Sasa ni zamu yangu," alisema. "Nataka kwenda mnarani."

Hakuna aliyekataa. Mdogo wake hata alisimama amshike mkono. Lakini mlinzi wa hifadhi alikuwa akipita, akakiona kiota, akatoa kioo chake kidogo chenye mpini mrefu na kuchungulia ndani. Alisema lipo yai moja, na la pili liko njiani. Kwa kanuni ya hifadhi, kiota chenye yai hakihamishwi mpaka makinda waruke.

Shangazi alisema angepanda polepole, ngazi moja moja, na yai lisingejua. Mlinzi alilifikiria jambo hilo kwa heshima. Kisha akasema ngazi zile hutikisika.

"Ni siku chache tu, dada," alisema mdogo wake. "Na wewe subira unayo, sisi ndio hatuna."

"Nao ni viumbe, mwanangu," alisema Bibi.

Shangazi aliyafahamu maneno hayo. Aliambiwa hivyo baba alipolala kitandani miaka yake ya mwisho, akaambiwa tena kila mtoto wa mdogo wake alipozaliwa.

Heroe waliruka alasiri. Wenzake walikimbilia mnarani, na Shangazi akasikia sauti ya mbawa kama mashuka elfu yanayokung'utwa kwa pamoja. Hakuona hata mmoja. Aliona mwanga wa waridi tu, ukipita juu ya matete, juu ya masweta, ukakaa kidogo mikononi mwake, ukaondoka.

Gari liliondoka bila kupiga honi, ili jike asishtuke.

Jua lilikuwa bado halijazama simu ilipolia. Mdogo wake aliuliza dawa za presha za Bibi hukaa kabati gani, na jiko huwashwa vipi lile lenye hitilafu. Shangazi alimweleza yote kwa sauti ya chini. Halafu akaulizwa kama makinda hao wangeweza kuharakishwa, kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu na mtoto hana wa kumsuka.

Ndani ya kiota jike alijigeuza, akatulia tena, mzito na mwenye joto, ubavu wake ukiegemea shavu la Shangazi.

Alisema ataulizia.