Shubaka la Chumba cha Mama

Mdogo wangu macho yameshamwacha. Kesho mwanawe anakuja kumchukua akaishi naye huko mbali, na kwa umri wetu sote wawili tunajua safari hiyo haina kurudi. Nikamuuliza anataka nini kabla hajaondoka.

"Nipeleke nyumbani kwetu nikashike shubaka la mama."

Lile tundu la ukutani, mama alimokuwa akiweka taa.

Nyumbani kwetu siku hizi ni maofisi. Ua wa ndani, ilimokuwa ikiingia mvua, umeezekwa plastiki, na chini yake amekaa binti wa mapokezi na kompyuta yake.

"Shikamooni, bibi zangu. Mna miadi?"

"Marahaba. Tulizaliwa humu."

"Basi miadi yenu ya zamani kweli," akacheka, akatupeleka juu mwenyewe.

Ngazi ni zile zile, nyembamba na zenye kwenda juu kama ukuta. Mdogo wangu alipanda kanishika bega, na magoti yangu yakabeba watu wawili. Tulipofika chumbani kwa mama sikumwambia ninachokiona. Chumba kimekatwa kwa plaiwudi, na plaiwudi hiyo imeligawa dirisha: nusu kwa mhasibu, nusu kwa wakili wa upande wa pili. Boriti zimefichwa na dari nyeupe, ya chini, ningenyoosha mkono ningeigusa.

Mdogo wangu akakohoa. Akasikiliza. Akakohoa tena.

"Dada, umenileta nyumba ya watu."

"Ni kwetu."

"Kwetu ukikohoa nyumba inakuitikia. Hapa nimekohoa kama niko ndani ya gunia la pamba. Umechoka kutembea, ukaniingiza mlango wa karibu. Nakujua wewe!"

Nimvute mtu hadi juu, halafu aniite mwongo mbele za watu! Mhasibu, kijana mwenye tai iliyolegea, akauliza tunatafuta nini. Nikamweleza. Akazitazama kuta zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

"Labda hapo tulipoweka intaneti," akasema, akaanza kuondoa mafaili yaliyorundikwa mbele ya ukuta.

Lilikuwa hapo. Ndani yake kisanduku cheusi chenye vitaa vya kijani, nyaya na vumbi. Nikamshika mdogo wangu mkono, nikampeleka ukingoni, penye ua lililochongwa kwenye chokaa. Vidole vikalizunguka polepole, vikasimama palipomeguka. Alipamegua yeye kwa mchi, kipigo nikala mimi.

"Eh," akasema taratibu. Mkono ukaingia ndani. "Pana joto, kama wakati wa taa ya mama."

"Ndiyo," nikamwitikia. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

"Ndiyo nini? Mimi kipofu, si mjinga. Ni mtambo huu, nausikia unavuma. Lakini niache kidogo."

Tukamwacha. Simu ya mhasibu ikalia, hakuipokea. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikavua kiatu kimoja.

"Haya, tushuke," akasema mwishowe. "Ngazi zako zinachosha."

"Zangu tena?"

Mkono ule alioutoa shubakani aliufumba, akauweka kifuani, hakugusa nao ukuta wala kitu kingine. Kwa hiyo kushuka kote, mpaka mlangoni, uzito wake wote ulikuwa juu yangu.