Mawe Yasiyo ya Mtu

Sikutaka kwenda. Naomba hilo lieleweke mapema, maana binti yangu Una huwahadithia watu kwamba mama yake aliililia likizo ile. Uongo mtupu. Yeye ndiye aliyekodi nyumba kwa wiki nzima bila kuniuliza, kisha akaja kwangu Glasgow na simu mkononi.

"Mama, hebu ona! Bahari mbele, mlima nyuma. Na daktari kasema nyonga yako mpya inataka mazoezi."

Nikavaa miwani. Kuta zimepakwa chokaa, mlango umepigwa rangi ya buluu, na jina wameipachika, eti Nyumba ya Utulivu. Utulivu! Nyumba iliyolea watoto saba!

"Wewe mtoto," nikamwambia, "nyuma ya dirisha hilo la kushoto ndipo nilipozaliwa."

Akadhani natania. Si kosa lake. Kaka yangu aliiuza nyumba ile kabla Una hajazaliwa, nami kwa hasira nikaapa sitakanyaga tena kisiwani kwetu. Kiapo hicho nilikishika miaka arobaini na minane. Ila ile picha ilininyima usingizi, na Ijumaa nikajikuta kwenye feri, nimekumbatia mkoba wangu, nanung'unika.

Mwenye nyumba siku hizi ni Bwana Hadley, mtu wa Uingereza ya kusini. Alituachia mezani jalada zima la masharti: msiingie na viatu vya matope, msianike nguo mbele ya nyumba, msi, msi, msi. Nikalifunga. Nikachukua kikombe changu cha chai na kuzunguka nyuma, pale mama alipokuwa akianika samaki. Sasa pana duara la mawe lililojengwa vizuri, majivu katikati, viti vya kukunja pembeni. Wageni huota moto hapo jioni wakinywa mvinyo.

Na juu ya duara lile, mbele ya macho yangu, lilikaa jiwe jeupe lenye mstari mweusi katikati, kama mtu aliyefunga mkanda. Kikombe kiliniponyoka.

Jiwe lile nalijua. Nililiweka mwenyewe mlimani nikiwa na miaka tisa.

Upande wetu wa kisiwa ni mwamba mtupu, huchimbi hata kaburi la paka. Kabla ya barabara ya magari, wafu wetu walibebwa kwa miguu kuvuka mlima mpaka upande wa pili, kwenye mchanga. Wanaume walijipanga safu mbili. Mmoja alitangulia akiita "Badili!" na kila akiita, waliochoka walitoka, wapya wakaingia, jeneza lisisimame. Walipofika pa kupumzika, kila mmoja aliokota jiwe, na rundo likabaki pale kwa ajili ya marehemu. Wanawake hawakwenda. Wanawake waliishia mlangoni, wakarudi ndani kuchemsha chai.

Siku ya maziko ya bibi yangu Peigi, mimi sikuishia mlangoni. Niliinyemelea ile safu, nikijibanza nyuma ya miamba, mpaka juu kwenye pumziko la mwisho. Baba aliponiona alitaka kunizaba vibao. Aliyekuwa akiita zamu, baba yake jirani yetu Fionnlagh, akamzuia. "Mwache aweke lake, kisha arudi nyumbani." Nikaweka. Na sasa jiwe hilo linaungua chini ya soseji za wageni!

Nikashuka kwa Fionnlagh, ambaye sasa ana miaka themanini na anaishi peke yake.

"Uko wapi, mzee wewe!"

"Loo, Marsaili! Miaka yote hii, na mlango bado unaugonga kama polisi."

"Mawe ya bibi yangu yamefikaje kule nyuma?"

Akakaa chini polepole. Utani ukamtoka usoni.

"Hadley alinikuta njiani, yuko juu ya trekta. Akaniuliza, 'Mzee, yale mawe kule juu ni ya nani?' Nami nikamjibu kama baba angejibu. Nikamwambia, si ya mtu."

Nikafumba macho. Kwetu, kitu kikiwa si cha mtu, hakuna mkono unaokigusa. Kisima si cha mtu. Kaburi si la mtu. Hadley alisikia maneno hayo hayo, yeye akaelewa kwamba ajichukulie.

"Kesho yake kule juu pakawa peupe," Fionnlagh akasema. "Tangu hapo sijapanda mlima. Naona aibu, Marsaili."

"Aibu utaona baadaye. Ile machela ya majeneza unayo?"

"Iko zizini. Kuku wanalalia."

"Wafukuze kuku."

Asubuhi niliamka nikamkuta Hadley sebuleni. Una, ambaye ugomvi humpa tumbo la kuendesha, alikuwa amempigia simu kumwomba kwa upole aturuhusu kuyarudisha mawe. Mtu mwenyewe alikuwa mpole pia, fulana safi, tabasamu mpaka masikioni.

"Bibi, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini mzee mwenyewe aliniambia mawe si ya mtu."

"Alisema kweli. Si ya mtu. Na wewe ni mtu."

Tabasamu likapungua. "Ardhi ni yangu, bibi. Wageni wanapapenda pale. Mkigusa jiwe hata moja, mtafungasha virago leo hii."

"Mama," Una akaninong'oneza, "tafadhali. Tulipige picha tu, tuondoke na hiyo picha. Nyonga yako..."

"Nyonga yangu ni ya chuma. Nipishe."

Nikatoka nje, nikainama, nikaling'oa jiwe jeupe. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka, na masizi yakanichafua sweta lote. Hadley akasema ananionya kwa mara ya mwisho. Nikamwambia aanze kufungasha yeye, maana mimi mikono yangu ina kazi.

Nyumba ya jirani walipanga wapanda milima wanane kutoka Perth, watu wa fimbo na makoti ya rangi kali. Walikuwa wanafunga viatu wakati kelele zinaanza. Mama mmoja mnene akauliza juu ya ukuta, "Mnahitaji mikono?" Kabla sijajibu, Fionnlagh akatokea na machela begani, manyoya ya kuku yamemganda kofiani.

"Tunahitaji mikono," akasema, "na masikio. Nikiita, mnasikia."

Akawafundisha pale pale uani: safu mbili, sita kwenye machela, wawili wakisubiri. Tukabomoa lile duara lote. Mengine kwenye machela, mengine kwenye mabegi yao. Hadley akawa anatupiga picha za simu, moja baada ya nyingine. Nikamgeukia nikamtolea tabasamu, angalau nitoke vizuri.

Njia ilikuwa tope, halafu mawe, halafu tope tena. Mvua ikaja ya pembeni, kama kawaida yake. Mimi nilibeba jiwe langu peke yangu, fimbo mkono mmoja. Wakitaka kunipokea nawakatalia. Una alikuwa nyuma yangu akilalamika: nitaanguka, nitateguka, atawaambia nini watu wa hospitali. Mbele, Fionnlagh akiita "Badili!" na safu ikisogea. Niliisikia sauti ya baba yake ndani ya sauti ile, na machozi yakanitoka, nikasingizia mvua.

Tulipobakiza robo ya njia, kwenye mwinuko mkali kuliko yote, Fionnlagh akafungua mdomo, sauti isitoke. Alikohoa tu. Akajaribu tena, hewa tupu. Walioshika machela walikuwa wamechoka, mmoja goti linamcheza, nao wanasubiri waambiwe. Nami pumzi nilikuwa sina. Nikaona wazi kwamba wataitua hapo, na wakiitua hapo, hawainui tena.

"Badili!"

Nikageuka. Una, amelowa chapachapa, nywele zimemganda usoni, amekunja ngumi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuita kwenye njia ile. Fionnlagh akamtazama, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Ita tena, mwanangu," akamwambia. "Kwa nguvu. Upepo unakula."

"BADILI!"

Safu ikasogea.

Juu tukapanga mawe yote pale pale palipokuwa peupe. La mwisho nikaliweka mimi, mkanda mweusi ukitazama bahari. Nyonga ilikuwa inaniuma mpaka kwenye meno. Nikakaa chini nikamwambia Una, "Siku yangu ikifika, mnilete hapa. Kwa miguu."

"Mama, kuna barabara. Kuna magari ya maiti."

"Nimesema kwa miguu."

Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Na mimi nibaki mlangoni nikichemsha chai?"

"Thubutu! Wewe ndiye utakayeita."

Aliokota jiwe dogo la kijivu, akaliweka karibu na langu.

Tuliporudi, mizigo yetu ilikuwa nje ya lango, inanyeshewa, hata sanduku langu la dawa. Hadley alisimama mlangoni, pale pale mama yangu aliposimama siku walipomchukua bibi.

"Haya," akasema, "mmeyapeleka wapi mawe yangu?"

Nilishavuta pumzi nimpe yake. Una akaniwahi. Binti yangu, aliyekataa tangu utotoni kujifunza hata salamu ya lugha ya kwetu, siku hiyo alikuwa amejifunza maneno matatu kwa Fionnlagh njiani. Akayasema kwa lugha hiyo, na kwa sauti ile ile aliyoitia mlimani.

"Si ya mtu."

Akainua mizigo yote miwili, tukashuka kwa Fionnlagh.