Jivu la Ruti

"Soma tena," Ruti akasema.

Karani Nathanaeli akalisogeza daftari la baraza karibu na dirisha. "Mjane Ruti wa Msangano alisema: 'Haki zetu tunazijua. Aliyekata matawi ndiye mwenye jivu. Tuandikiane ya nini, sisi ndugu?' Watu wakapiga makofi."

"Si umeona? Imeandikwa."

"Hilo ni neno lako tu, Mama Aida. Sheria yenyewe haimo. Desturi tunamuuliza jumbe, na jumbe ni Sadoki."

Miezi minne nyuma, wageni wa serikali walipita wakiuliza kama haki za watu ziandikwe katika sheria ya nchi. Sadoki, ndugu wa marehemu mumewe, alimfuata jikoni, akala ugali, akanawa. "Shemeji, wewe wanakusikiliza. Waambie karatasi ni za watu wasioaminiana." Ruti, kichwa kimemvimba kwa sifa, akasimama akasema. Na alisema vizuri, jamani! Hata wazee walimshangilia.

Kiangazi kizima alikata matawi peke yake, akayabeba kichwani, akayapanga duara kubwa mpaka shingo ikagoma kugeuka. Yakishachomwa, ulezi hupandwa kwenye jivu lake mvua inapoanza. Hakuna shamba lingine. Juzi Sadoki akalitia moto rundo lote, akidai ni lake. Barazani leo akaulizwa desturi, naye akajibu bila kupepesa macho: mjane hana jivu, jivu ni la ukoo wa mume. Wale wapiga makofi wakatazama miguu yao.

Ruti hakulia mbele yao. Alilia njiani, kwa hasira kuliko uchungu. Angedhulumiwa na mgeni, angalau angemtukana akatulia. Huyu, Ruti mwenyewe alimpikia kwa mikono yake, akamwazima na ulimi wake.

Alipotoka kwa karani, mawingu yalikuwa yameshuka. Alipita nyumbani, akachukua kikapu cha mbegu, akaenda moja kwa moja shambani. Sadoki alikuwa katikati ya jivu, anamwaga ulezi.

"Shemeji, unatafuta nini hapa? Kesi imekwisha."

Ruti akachovya mkono kikapuni. Akaanzia ukingoni, akirusha ulezi wake juu ya ule wa Sadoki, konzi baada ya konzi.

"Acha! We mwanamke, acha! Nitawaita watu!"

"Waite."

Matone makubwa yakaanza kuanguka. Sadoki akapiga magoti, akachota jivu lililolowa kwa viganja viwili, akawa anazitazama mbegu: zake zipi, za Ruti zipi. Ruti akampita, bado anarusha.