Ndoo ya Mwanasesere

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagongagonga gizani. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye jiko la mkaa koridoni, nami sikuweza kwenda kuyafunua, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeshika goti la mwanasesere.

Ilikuwa saa nane mchana. Giza nililitengeneza mwenyewe kwa kuziba dirisha na blanketi. Jua likiingia chumbani, picha moja inakuwa nyeupe, nyingine nyeusi, na ukizipanga pamoja zinaumiza macho. Taa ilikuwa moja, ya kuchaji, nimeifunga kwenye mgongo wa kiti. Mageni, binti yangu wa miaka minne, alikaa kitandani miguu inaning'inia. Nilishamkataza kushuka.

"Mama, njaa."

"Najua, mama. Bado kidogo."

"Sawa," akasema, kama mtu mzima aliyeshazoea kuambiwa hivyo.

Nasoma jioni hapa hapa Kahama, darasa la kutengeneza katuni kwa simu. Unafinyanga mtu, unampiga picha, unamsogeza kidogo sana, unampiga tena. Picha zikifuatana upesi, anatembea. Wa kwangu ni mwanamke wa udongo wa kichuguu juu ya mifupa ya waya, si mrefu kuliko mwiko, na ndoo yake kichwani ni kifuniko cha dawa ya meno.

Jumatano nilimwonyesha darasani. Alitembea bila kosa, kichwa kikipanda na kushuka kama kilivyochorwa kwenye karatasi ya mwalimu. Charles, fundi simu wa stendi anayekaa nyuma yangu, ndiye aliyeanza.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "huyo anatoka bombani au anakwenda harusini?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mwalimu Januari hakucheka.

"Mama Mageni, ndoo yako ni tupu," alisema. "Mwili wake haujui kama umebeba kitu. Jumamosi ndiyo mwisho. Nikiuona uzito, unaendelea na hatua ya pili. Nisipouona, basi tena. Hiki chumba kinachukuliwa na watu wa ushonaji, hakuna kurudia."

Shule niliiachia kidato cha pili. Nikaja kumalizia jioni, nimejibana kwenye madawati ya watoto, mimba ya Mageni imefika kifuani. Sikutaka na hili nalo liishie katikati.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi, nilipokuwa natoka kuchota maji kwa jirani, ndoo kichwani, nilijisikiliza. Shingo haikucheza hata kidogo. Mwendo wote ulikuwa umeshukia kiunoni na magotini. Na mguu haukuwa na haraka ya kunyanyuka. Ulibaki chini, ukausubiri wa pili ufike kwanza. Nilirudi ndani nikaanza upya, nikamkaza shingo mwanasesere, nikamlegeza magoti.

Nyumba yetu ya Nyahanga iko kando ya barabara ya malori yanayotoka Isaka. Yakipita, meza inatetemeka. Unalisikia linakuja, unaachia mikono, linapita, unaangalia kama mtu wako amesogea, unaendelea. Ikafika mahali sikujua tena kama ninaumwa mgongo au nina usingizi tu. Lakini ndani ya simu yule mwanamke alikuwa ameanza kuwa mzito. Niliziangalia picha mara mbili. Alikuwa mzito kweli.

Mwalimu alituambia tuzime mtandao tunapopiga picha, na wenzangu wanazima. Mimi siwezi. Marcel, baba Mageni, yuko Nyarugusu kwenye machimbo ya dhahabu, anaingia duarani, ndani ya shimo lenyewe, na mwenye mtu chini ya ardhi hazimi simu.

Ikaita. Ikatetemeka juu ya matofali niliyoiegemezea, ikainama. Niliirukia, na kiwiko changu kikampiga mwanasesere.

"Haloo?"

"Mbona unahema hivyo?" Ni Marcel. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa jenereta.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepanda juu, nikasema niwasalimie. Vipi, udongo wako umeanza kutembea?"

"Ulikuwa unatembea mpaka ulipopiga."

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Sisi huku tunausaga, wewe huko unaufundisha kutembea. Udongo mwaka huu una kazi."

"Umekula?"

"Nitakula. Msalimie Mageni."

Sikuweza kumkasirikia. Nilikaa sakafuni nimeishika simu hata baada ya yeye kukata.

Mwanasesere alikuwa amevunjika kifundo cha mguu, waya umekatikia ndani. Nusu ya njia yake ilikuwa bado haijaguswa, na darasa ni saa kumi na moja. Maharage nayo yalikuwa yameshika chini. Nikampakulia Mageni ya juu juu, akala, nami nikarudisha simu karibu na pale ilipokuwa.

Kifundo nilikiziba kwa udongo mbichi. Aliweza kusimama, hatua hakuweza. Basi nikamsimamisha. Nikamwinua mkono kidogo kidogo mpaka ukashika ukingo wa ndoo. Nikamshusha magoti kidogo, nikampandisha, nikamshusha tena, mpaka taa ikaanza kufifia.

Mageni nilikwenda naye darasani, maana sikuwa na wa kumwachia. Alikaa mapajani kwangu, anasinzia. Mwalimu alikuwa ametundika shuka jeupe la kuonyeshea picha ukutani.

"Leo ni harusi ya nani?" Charles aliuliza.

"Tulia utaona," nikamjibu. Hata nguvu ya kubishana sikuwa nayo.

Yule mwanamke akatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko sisi, akatembea. Kisha picha ikaruka, akawa amehamia pembeni.

"Hapo kamera imesogea," alisema Mwalimu Januari.

"Nilipigiwa simu."

"Nilisema mzime mtandao."

"Ulisema, Mwalimu."

Mwanamke akasimama. Mkono ukapanda, ukashika ndoo. Magoti yakashuka, yakapanda, yakashuka.

"Mbona hafiki?" Charles aliuliza, safari hii taratibu, na hakuna aliyecheka. Mwalimu alisogeza kiti chake mbele. Kalamu alikuwa nayo mkononi lakini hakuandika kitu, nami nikaangalia chini nisiuone uso wake.

Mageni akateleza kutoka mapajani, akasimama wima katikati ya viti. Akanivuta kitenge, akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima:

"Mama, nenda kamtue."