Chai ya Arobaini ya Immaculata

Dada yangu Immaculata aliuawa na adabu. Cheti kinasema ugonjwa wa sukari, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kwenye nyumba za watu. Daktari alikuwa amemkataza sukari. Kila alipokaribishwa chai na kuomba isitiwe, mwenye nyumba alinuna: tumepanga foleni ya sukari tangu alfajiri kwa ajili ya wageni, nawe unatudharau? Akaona haya, akanywa. Alikufa mwishoni mwa Februari 1983, akiwa na miaka thelathini na saba. Mimi nilikuwa na thelathini na tano.

Wiki moja baada ya kumzika nilikwenda kupimwa. Nikaambiwa sukari imeanza kuonekana, si nyingi, na nikijitunza huenda nisihitaji sindano. Nilitoka pale nikaingia kanisani, nikakaa benchi la nyuma. Sikuomba kuponywa. Niliahidi. Mwili huu nimekabidhiwa tu, na aliyenikabidhi ataniuliza nilivyoutunza. Sitamjibu kwamba niliwaonea haya majirani.

Ilikuwa Kwaresima. Wenzangu waliacha nyama hadi Pasaka. Mimi niliacha sukari na pombe moja kwa moja. Hata kupanda basi niliacha. Nilitembea kutoka Mkuyuni hadi kwenye ghala la pamba mjini nilikokuwa karani, ziwa likiwa upande wa kushoto, nikisali rozari. Nilikula mchicha na samaki wa kuchemsha. Ndizi nilizipima kwa kiganja, na kwa Mhaya kama mimi hiyo ni toba tosha. Na kwenye foleni ya sukari ya duka la kaya, ambako kila nyumba iligawiwa kilo yake, sikuonekana tena.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwaka ule hakuna aliyeiacha sukari kwa hiari yake. Msako wa walanguzi ulikuwa umeanza, na asiyepanga foleni alihesabiwa kuwa anayo ya magendo.

Siku ya arobaini ya dada, jumuiya ilikuja kusali nyumbani kwangu. Niliwaandalia chai ya maziwa na tangawizi, na karanga. Teodora, mwenyekiti wetu, alionja akaweka kikombe chini, akauliza sukari iko wapi. Nikasema haipo.

"Karani mzima, sukari hana," akawaambia wenzake. "Foleni hatumwoni. Wengine wana milango ya nyuma, jamani."

Nikaeleza kilichomuua marehemu, na kwamba katika nyumba hii sukari haitaingia. Teodora akasema mtu hafi kwa kijiko, hufa siku yake ikifika. Wakacheka, kwenye arobaini ya dada yangu, picha yake ikiwa mezani. Waliondoka wakaacha vikombe vimejaa.

Asubuhi iliyofuata balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ndalahwa, alifika na mgambo wawili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akasema amepata taarifa. Wakapekua chini ya kitanda na ndani ya pipa la unga. Halafu wakafungua sanduku la Immaculata, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijathubutu kulifungua. Mgambo mmoja alikung'uta khanga zake moja moja, kisha gauni lake la Jumapili, akalitupa sakafuni. Harufu yake ikajaa chumba kizima. Nilisimama mlangoni hadi walipomaliza.

Hawakupata hata punje. Ndalahwa hakusema pole. Alinipa ushauri.

"Binti yangu, panga foleni kama wenzako. Chukua kilo yako, hata ukaimwage ziwani. Watu wakikuona na mfuko watanyamaza."

"Nisipopanga?"

"Jina litakwenda kwa katibu kata. Mimi sitaweza kulizuia."

Niliokota nguo zile nikifikiri. Kumwaga ni rahisi kusema. Naipenda sukari tangu utotoni, na kilo ikilala ndani ya nyumba yangu, asubuhi itakuwa pungufu. Immaculata naye alianza hivyo hivyo, kuwanyamazisha watu.

Jumamosi nilikwenda dukani. Sikusimama kwenye foleni. Nilikwenda moja kwa moja mezani, alipokaa Ndalahwa na daftari la kaya, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo:

"Futa jina langu kwenye sukari. Andika kwamba ninaumwa, na kwamba nimeomba mwenyewe mbele ya watu hawa wote. Hilo ndilo ulipeleke kwa katibu kata."

Ndalahwa akaniambia likishafutwa, kulirudisha ni kazi. Nikasema sitarudi. Akapiga mstari, nikatia sahihi.

Teodora alikuwa wa tatu kwenye foleni. Nilipopita akanishika nguo.

"Na wewe Felicitas," akaninong'oneza. "Si ungeniambia tu, fungu lako ningelichukua mimi. Nina watoto watano."

"Ulinipelekea mgambo kwa sukari nisiyokuwa nayo. Leo unaitaka?"

"Si yamekwisha hayo, mdogo wangu?"

"Hayajaisha," nikamwambia, nikauondoa mkono wake.

Akasonya. Wa mbele yake alikuwa amekwisha kupimiwa, na Teodora akasogea na mfuko wake.